Pepa Iliyozikwa Ikiwa Hai

Ukifa Kiganjo ya Thika miaka ile ya tisini, kulikuwa na mambo mawili ambayo hukuhitaji kuyahofia. Watu wangekuja, kwa sababu palikuwa na chakula. Na Ngendo angesoma historia yako ya maisha, kwa sababu hakuna mwingine ambaye sauti yake ilifika mpaka kwa wale wa nyuma kabisa, wanaosimama karibu na sufuria.

Alianza akiwa msichana wa darasa la saba, siku ya kuzika nyanya yake. Mjomba aliyepewa kazi ya kusoma alishikwa na kilio kwenye mstari wa pili, akawa anajipangusa pua kwa ile karatasi kama leso. Ngendo akamnyang'anya, akaendelea pale alipoachia, akafika "ameacha wajukuu" bila kutetereka. Tangu hapo familia moja baada ya nyingine ilipiga hodi kwa mamake. "Mama Ngendo, utuazime msichana." Wakamwazima kama vile watu huazima sufuria kubwa ya kanisa, na kama sufuria, wengine walimrudisha bila hata asante.

Alipomaliza sekondari akaingia chuo kimoja cha kompyuta pale Thika mjini, ghorofa ya juu ya duka la misumari, na historia za marehemu zikahamia kwenye diski. Faili lilikuwa moja tu. Kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, wokovu, ugonjwa, ameacha. Ukifa wewe, Ngendo alilifungua, akafuta jina la aliyekutangulia, akaweka lako, printa ikalia kama mbwa aliyefungiwa nje, kwisha. Mabaya hayakuwa na pahali kwenye faili hilo. Mlevi alikuwa "mpenda watu". Mchoyo alikuwa "mwangalifu wa mali". Mwenye matusi alikuwa "asiyeficha lililo moyoni". Na wale vijana wa miaka ile, waliokonda mpaka shati likawa linatembea peke yake, wote "waliugua kwa muda mfupi", na hema zima likainama kuangalia viatu.

Sasa, usidhani Ngendo alifurahia kazi hii. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na vijana wa mtaa walipomwona walivua kofia. Alitaka jambo moja: aitwe, mara moja tu maishani, mahali ambapo hakuna maiti.

Na mahali penyewe palikuwapo. Kampuni moja ya kahawa kule Ruiru ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye baridi kama friji, na ilikuwa imekubali kuchukua mwanafunzi mmoja wa kufanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Mmoja. Angechaguliwa na Mwalimu Githae wa chuo kati ya wale watakaopita presentesheni, na asiyepata atachimenti hapati diploma, ni kama kwenda hospitali ya kujifungua ukarudi na mkoba tu. Mamake Ngendo alikuwa ameshalitangaza jambo hilo kwenye chama cha akina mama kanisani kana kwamba msichana amepewa kampuni yenyewe.

Presentesheni ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi alipewa pepa, yaani makala ya utafiti iliyoandikwa na wataalamu wa ng'ambo, iliyopigwa fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zikapauka. Unaisoma, unaielewa ukijaliwa, halafu unasimama mbele ya darasa dakika kumi, na karatasi zako za plastiki juu ya projekta, unaeleza inasema nini na unaihukumu. Ya Ngendo ilihusu jinsi kompyuta inavyoamua kitu gani ikiweke karibu na mkono na kipi ikitupe nyuma, kama vile mwenye kioski huweka mkate na sigara mbele, dawa ya mende akaificha chini. Waliofanya utafiti walidai wamepata njia mpya ya kukisia mteja atakachotaka kabla hajakitaja.

Ngendo aliisoma pepa mara tatu, akaielewa, na hilo si jambo dogo. Ubaya ulikuja alipoketi kupanga maneno. Alifanya alichokuwa akifanya kila mara. Alifungua lile faili.

Siku ya Ijumaa alisimama, akanyoosha mgongo, akaanza. Aliwataja waandishi mmoja mmoja, wamesoma wapi na wanafundisha wapi. Akasema pepa ilitokea mwaka gani na kwenye mkutano upi. Akawashukuru waliotoa pesa za utafiti kwa niaba yao. Akataja sehemu zake zote, ya kwanza hadi ya mwisho, kama watoto wa marehemu kwa kufuatana. Sauti ilikuwa tamu ajabu. Kwenye dawati la mbele msichana mmoja alijikuta amefunga macho. Ngendo alikuwa amefika "na imeacha marejeleo thelathini na moja" Mwalimu Githae alipogonga meza kuonyesha muda umeisha.

"Amina," akasema Farouk kutoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Githae hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba wa tai moja, mwenye tabia ya kuuliza maswali kwa upole wa daktari wa meno.

"Ngendo, nani amekufa?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Umeniambia wamesoma wapi, nani aliwafadhili, na wameacha marejeleo mangapi. Hawa watu walikuwa wanatafuta nini?"

"Nilikuwa nafika hapo, Mwalimu."

"Ungefika lini, baada ya maombi? Haya. Kasoro zake?"

"Sikuona."

"Hukuona ama hukutaka kuona?"

Ngendo alishika ncha ya meza. "Ni watu wamesoma sana, Mwalimu. Mimi ni nani nianze kuwatafutia makosa?"

"Wewe ndiye niliyekuuliza." Akafunga kalamu. "Umeanguka. Lakini leo nimesikiliza watu wanane, na ni wewe peke yako niliyekusikia bila kutega sikio. Sauti uko nayo, kitu cha kusema ndio huna. Ijumaa ijayo utarudia. Ukianguka tena, Ruiru ataenda mwingine."

Farouk alimngoja kwenye ngazi. Yeye alikuwa kijana wa Thika hasa, babake Mzee Tahir alikuwa na duka la magodoro nyuma ya msikiti, na walikuwa wamekaa dawati moja na Ngendo tangu siku ya kwanza, huyu akisifu kila kitu na yule akikitukana.

"Sasa, marehemu?"

"Wacha zako, Farouk."

"Nisikilize. Sisi mtu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika na tumekunywa chai. Hakuna historia. Nyinyi mnamweka mochari wiki nzima mkimtafutia sifa, na sifa zenyewe ni za kuazima. Yule mzee wa kinu cha mahindi, si ulisoma ati alikuwa na mizani ya haki?"

"Ulikuwa umefuata nini huko?"

"Alikuwa jirani ya duka. Niliangalia watu kama kuna atakayecheka. Hakuna hata mmoja. Hapo ndio nilijua Wakikuyu mko na nidhamu."

Ngendo alitaka kukasirika, akacheka, halafu akiwa katikati ya kucheka akaona machozi yanamjia, akashuka ngazi haraka.

Jumatatu jioni akabisha mama mmoja kutoka Kalimoni. Aliitwa Mama Kui, na mumewe Absalom alikuwa amefariki. Absalom alikuwa fundi wa pampu za maji, zile zinazovuta maji mtoni kupeleka mashambani, na alijulikana tangu Juja mpaka Thika kwa mambo mawili: hakuna pampu iliyomshinda, na hakuna mtu ambaye hakugombana naye. Mazishi yalikuwa Jumatano.

"Mwanangu, nasikia una faili," akasema Mama Kui baada ya kupewa chai.

"Ndio, mama. Nitaweka jina la mzee, na mwaka wa kuzaliwa, halafu—"

"Hiyo usinisomee. Nimeisikia mazishi mengi mpaka naijua kwa kichwa. Absalom hakuwa mpenda watu."

Mama Ngendo alikohoa. "Mama Kui, na mchungaji atakuwa hapo."

"Mchungaji mwenyewe Absalom alimpeleka kwa chifu kwa sababu ya ng'ombe. Si anajua?"

Ngendo aliangalia kikombe chake. "Mama, nikisema hivyo mbele ya watu, watanionaje?"

"Wewe sema. Kila mtu atakayekaa chini ya lile hema ana neno lake juu ya Absalom. Ukiwaambia alikuwa malaika, watakunyamazia tu. Halafu ukifika mahali unasema alinipenda," hapo sauti ya mama huyo ikayumba kidogo, akanywa chai ikatulia, "hilo nalo wataona umelitoa kwenye faili. Na hilo lilikuwa kweli."

Akatoa picha ya kuweka juu ya karatasi. Absalom alikuwa amesimama na suti, uso umekunjwa kama anayedai kitu. Picha ilikuwa imekatwa kwa makasi kutoka kwa picha kubwa ya harusi, na kwenye bega lake la kushoto palikuwa na mkono. Mkono tu, bila mwenyewe.

"Na huu ni wa nani?"

"Wa Waweru, nduguye. Walikosana kwa mfereji wa maji, Absalom akachukua makasi. Bega lake hangeweza kulikata." Mama Kui akaangalia picha. "Uache tu hivyo hivyo."

Jumatano, Kalimoni, Ngendo alisimama mbele ya hema. Alisoma kuzaliwa, alisoma kazi. Watu walikuwa wakifanya lile ambalo watu hufanya historia ikisomwa: wanahesabu magari, wanaangalia moshi wa jikoni unaelekea wapi. Akashusha pumzi.

"Absalom alikuwa mtu mgumu," akasema. "Hakuna mtu hapa ambaye hakugombana naye, na kama yuko, ni mgeni."

Halafu mzee mmoja akatoa kicheko cha puani, kikamshika jirani yake, kikapita viti vyote mpaka kwa mchungaji, aliyejifanya anapangusa miwani.

"Pampu ya mtu aliyegombana naye asubuhi aliitengeneza jioni, akiendelea kugombana. Hakuomba msamaha hata siku moja. Mama Kui anasema alikuwa akishindwa kusema pole, anaamka mapema kumwashia moto. Anasema yeye mkewe alipendwa."

Hakuna aliyeangalia moshi. Waweru, ndugu wa marehemu, ambaye alikuwa amekaa pembeni kama mtu aliyepita njia, alitoa kofia akaishika kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ngendo alimaliza kusoma, akaketi.

Alikuwa ameibeba pepa kwenye mkoba. Wakati watu wanapanga laini ya chakula aliitoa, si kwa kupenda masomo, ila kwa kutotaka kuongea na mtu. Ilifunguka kwenye grafu, ile ambayo waandishi walijivunia kuliko zote: mstari wa njia yao mpya uko juu kama Mlima Kenya, mstari wa njia ya zamani uko chini bondeni. Alikuwa ameiona mara nyingi. Leo aliona kitu kidogo kwenye pembe, chini kushoto. Namba. Grafu haikuanzia sifuri. Ilianzia tisini.

Akaangalia karatasi ya mazishi, akaangalia grafu. Mtu alichukua makasi hapa pia. Wamekata miguu ya picha ndipo mlima uonekane, na ile namba tisini ni mkono ulioachwa begani. Ukiweka picha yote, mlima ni kichuguu. Njia mpya ni bora, ndiyo, lakini bora kidogo.

Mtu alimuuliza kama atakula. Hakusikia.

Alhamisi alasiri alikuwa kwenye duka la Mzee Tahir, amesimama kati ya magodoro. Farouk alikuwa amelala juu ya rundo la magodoro karibu na dari, akisema yeye ni darasa.

"Waandishi wa pepa hii walisoma—"

Farouk akakoroma.

"Pepa hii ina sehemu—"

Akakoroma zaidi, mpaka Mzee Tahir akachungulia kuona kama mwanawe ni mgonjwa.

"Sasa unataka nianze wapi?"

"Kwani wao walianza wapi? Watu wazima waliacha kulala wakaandika kitu kama hiki. Kuna kilichokuwa kinawasumbua. Mtu mwenye shida ndio tunamsikiliza. Akianza na vyeti vyake tunajua anataka kura."

Ngendo alikaa kwenye kona ya godoro la watoto. Akachukua zile plastiki zake na kitambaa chenye maji, akaanza kufuta. Walikosoma waandishi, kukafutwa. Shukrani, zikafutwa. Orodha ya sehemu ilimuuma, kwa sababu aliiandika kwa rangi tatu, akaifuta. Kwenye plastiki ya kwanza akaandika swali moja tu, shida ilikuwa nini. Kisha wao walifanya nini kuitatua, na hapo akachora kioski. Kisha wanajuaje kwamba ilitatuka. Akafika kwenye grafu, kalamu ikasimama.

"Nikisema wameikata," akasema polepole, "na wao wako huko kwao, hawawezi kujitetea?"

"Absalom alijitetea?"

"Ulisikia ya Absalom?"

"Dada, hiyo imefika mpaka msikitini." Farouk akajiinua kwa kiwiko. "Wewe huwachafulii jina. Wameandika wasomwe. Umewasoma. Kwa adabu yenu ya mazishi, ungewasifu bila hata kuwasoma."

Mzee Tahir, aliyekuwa anafunga kamba godoro la mteja, akasema bila kugeuka, "Na ukisema kasoro, msichana, sema na lililo zuri. Kijana wangu hulisahau hilo."

Ijumaa Ngendo alivaa ile sketi ya kijivu ya mazishi, hakuwa na nyingine. Alipowasha projekta Farouk aliweka mkono mdomoni kuonyesha kwamba leo ameufunga.

"Mwenye kioski ana mkono mmoja na rafu ndefu," Ngendo akaanza. "Akijua utakachotaka kabla hujasema, hutangoja. Kompyuta iko na shida hiyo hiyo, na hawa watu walitaka kuimaliza."

Aliongea. Plastiki zilikuwa chache, na hakuzisoma, alizionyesha tu kama mtu anayeonyesha jirani nyumba yake. Alieleza njia yao mpya kwa mkate na sigara, na wale ambao wiki iliyopita walifunga macho walikuwa wameinama mbele. Akaweka grafu. Akaiacha hapo kidogo, waione ilivyo nzuri.

"Hii picha imekatwa," akasema. "Angalieni namba ya chini. Nimeichora tena kuanzia sifuri."

Akaweka plastiki ya pili juu yake. Mlima ukalala chini. Darasani mtu akapiga mluzi mdogo.

"Tena walipima kwenye ofisi moja tu, yenye watu wanaofanya kazi ile ile kila siku. Mwenye kioski anayeuzia watu walewale kila asubuhi hukisia vizuri. Mweke kituo cha basi tuone."

Mwalimu Githae aliegemea ukuta. "Kwa hivyo ni pepa mbaya."

"Hapana, Mwalimu. Wazo lao ni zuri. Hata likiwa bora kidogo, ni bora. Ndio maana hayo makasi yameniuma, hawakuyahitaji."

"Na ukiileta hapa kwetu, kwa mfano kwenye ofisi ya kahawa, itafanya kazi?"

Hapa ndipo Ngendo wa zamani angesema itafanya, kwa neema ya Mungu. Jibu ambalo hakuwa nalo lilikuwa limebeba Ruiru yote, diploma yote, na chama kizima cha akina mama.

"Sijui," akasema. "Pepa haisemi, na mimi sijapima."

Mwalimu aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alisema, "Ile sijui ya leo imeshinda sikuona ya juzi. Umepita. Umezidisha muda, na umeongea habari za sigara sana kwa mtu wa kanisa. Jumatatu uende Ruiru umwone mama anayeitwa Aoko."

Mama Aoko alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta cha ile kampuni ya kahawa, mwanamke mrefu mwenye sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu ya baridi ya mashine. Jumatatu asubuhi alimkuta Ngendo amesimama mlangoni na viatu vipya, anaangalia zile taa ndogo za kijani zikipepesa, akipumua polepole kama mtu aliyefika.

"Wewe ndio wa Githae?"

"Ndio, mama."

"Karibu. Mashine utaonyeshwa kesho." Mama Aoko alikuwa na karatasi mkononi, na sura ya mtu ambaye hakulala vizuri. "Leo kuna kitu kimetupata. Urbanus, karani wetu wa stoo, ametuacha Jumamosi. Wafanyakazi wanataka kumsomea historia, na hapa hakuna mtu anajua kupanga maneno. Githae ameniambia kwenye simu wewe unajua."

Ngendo aliangalia mashine. Aliangalia karatasi. Kulikuwa na picha ya Urbanus juu yake, anatabasamu, na maneno mawili ambayo mtu alianza kuandika akakwama: *Urbanus alikuwa*.

Angeweza kukataa. Alivuta kiti akaketi, akachukua kalamu, na makarani wa chumba kile, ambao walikuwa wameanza kukusanyika wakiwa na nyuso za msiba, wakamsogelea.

"Kabla sijaandika," akasema, "mniambie ukweli. Alikuwa akiwasumbua na nini?"

Waliangaliana. Halafu mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa anaficha funguo za stoo, mwingine akasema si kuficha tu, alikuwa anakulazimisha umwombe, na mama wa chai akasema, ndio, lakini siku mtoto wangu alikuwa hospitalini ni nani alikuja, na wote wakaanza kuongea pamoja, na Ngendo akawa anaandika.